Mchuuzi wa Swaffham: mji uliomtajirisha mfadhili wake kwa ndoto

Ukifika Swaffham, mji mdogo wa soko katika mkoa wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ukauliza mtu mashuhuri wa hapo ni nani, utapewa majina mawili. La kwanza ni Howard Carter, aliyelelewa hapo na shangazi zake na mwaka 1922 akafukua kaburi la Tutankhamun kule Misri. La pili ni la mchuuzi aliyeota ndoto. Carter ana chumba chake katika makumbusho ya mji. Mchuuzi huna haja ya kumtafuta. Amesimama juu ya kibao cha mbao uwanjani pa soko, mzigo mgongoni na mbwa wake pamoja naye. Kibao hicho alikichonga Harry Carter, mwalimu wa ufundi wa mbao wa mjini hapo, wa ukoo uleule wa mfukuaji wa makaburi.

Ngano za miji ziko tele, na nyingi hazichambuliki kwa sababu hakuna pa kuanzia: "hapo zamani" ni lini, na "mtu mmoja" ni nani? Kisa cha Swaffham ni tofauti. Mtu yupo na jina lake lipo. Kazi aliyoifanya ipo, ukitaka unaigusa. Ipo pia hadithi ambayo haiwezekani ikawa ilitokea, na tunajua ilikozunguka kabla haijafika hapo. Swali langu ni moja: hadithi ile ilimpataje mtu huyu, naye alikuwa keshakufa miaka mingi?

Kwanza hadithi yenyewe. Sir Roger Twysden, mtafiti wa mambo ya kale, aliipata kwa barua aliyoandikiwa na mwanahistoria William Dugdale katikati ya karne ya 17. Maelezo ninayoyapenda zaidi, hata hivyo, ni ya kasisi mmoja aliyekuwa mpenzi wa mambo ya kale, Abraham de la Pryme, aliyeyaandika katika shajara yake tarehe 10 Novemba 1699. Anasema hivi ndivyo watu wanavyosimulia siku zote: Swaffham palikuwa na mchuuzi aliyeota kwamba akienda kusimama juu ya Daraja la London atasikia habari njema. Akapuuza. Ndoto ikarudi mara ya pili, ikarudi ya tatu. Akafunga safari, na safari yenyewe si ya mchezo, maana kutoka hapo hadi London ni kiasi cha kilomita 160.

Daraja la London la siku hizo si daraja la kupita tu. Lilikuwa la mawe, limekamilika tangu mwaka 1209, na juu yake palikuwa na nyumba na maduka pande zote mbili, watu wakibanana katikati kama vile wako kwenye kichochoro. Mchuuzi akasimama siku mbili tatu akiangaza macho. Hasikii kitu. Mwenye duka mmoja jirani akawa anamtazama, na kilichomshangaza, anasema de la Pryme, ni kwamba mtu huyu hauzi kitu wala haombi sadaka. Akamwendea kumuuliza shida yake. Mchuuzi akasema kweli yote. Mwenye duka akacheka sana. Akamwambia: mimi mwenyewe jana usiku nimeota niko mahali panaitwa Swaffham, Norfolk, nisipopajua kabisa, nyuma ya nyumba ya mchuuzi mmoja, katika shamba la miti ya matunda, na chini ya mwaloni mkubwa nikichimba napata mali nyingi ajabu. Sasa unadhani mimi mjinga niende mwendo wote huo kwa ajili ya ndoto? Nenda nyumbani kwako ukashike kazi zako.

Mchuuzi hakubisha. Akarudi, akachimba, akatajirika. Na kwa kuwa kanisa la mji lilikuwa limebomoka sehemu kubwa, akaweka mafundi akalijenga upya kwa gharama zake mwenyewe. Ushahidi wake, kasisi anasema, ni sanamu yake iliyomo kanisani na picha zake katika madirisha ya vioo na katika vilabu vya pombe vya mji.

Wasimuliaji wa baadaye waliongeza nakshi. Chungu alichofukua kilikuwa na maandishi ya Kilatini asiyoweza kuyasoma. Akakiweka dirishani kwake, wapita njia wenye elimu wakayasoma: chini yangu kuna kingine kinachonizidi utajiri. Akachimba tena, akapata cha pili. Nyongeza hiyo haimo kwa de la Pryme, na kwangu inaonekana ni ya watu waliokwisha kuchoka na hadithi fupi.

Twende kwenye karatasi. Katikati ya karne ya 15 paroko wa Swaffham aliitwa John Botright, mtu wa elimu, mkuu wa chuo cha Corpus Christi kule Cambridge. Wakati wake kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo lilikuwa linajengwa upya, na yeye akaandaa daftari la mali za kanisa pamoja na orodha ya waliotoa, linalojulikana kama Kitabu Cheusi cha Swaffham. Humo yumo John Chapman. Alikuwa msimamizi wa mali za kanisa mwaka 1462, na alijenga ubavu wa kaskazini wa kanisa: vioo vyake, viti vyake na sakafu yake. Alichangia pia mnara.

Ubavu wa kaskazini. Si kanisa zima. Orodha ina majina ya wengine waliotoa, kila mmoja kwa uwezo wake, kama ilivyo katika ujenzi wowote wa kanisa au msikiti unaotegemea michango. Ngano imewafuta wote, ikampa mtu mmoja kazi ya parokia nzima. Hili peke yake lingetosha kutufanya tuiangalie ngano kwa jicho la pembeni, lakini si ndilo kubwa.

Kubwa ni michongo. Kanisani mpaka sasa zipo mbao za karne ya 15 zilizotoka kwenye viti vya zamani, zikaunganishwa na viti vya mbele upande wa madhabahu. Mmoja wa michongo ni mtu aliyebeba mzigo mgongoni. Mwingine ni mnyama wake, mbwa, amefungwa mnyororo. Watafiti wa kale waliona pia katika vioo vya ubavu ule picha za mchuuzi akiwa na mkewe na watoto.

Mtu asiyejua mambo ataona michongo hiyo ni uthibitisho: si huyo hapo, mchuuzi na mbwa wake? De la Pryme mwenyewe aliichukulia hivyo, ingawa yeye anasema sanamu ni ya jiwe, jambo linalonifanya nishuku kwamba aliandika alichoambiwa. Ukitulia, mantiki inageuka. Chapman ni jina la ukoo, na maana yake katika Kiingereza cha wakati ule ni mfanyabiashara. Karne ya 15 Waingereza wenye uwezo walipenda sana kuweka jina lao kwa picha badala ya maandishi, kwa sababu wengi hawakujua kusoma na kwa sababu mchezo huo uliwafurahisha. Huna haja ya kutoka Norfolk kutafuta mfano. Walter Lyhart, askofu wa Norwich kuanzia 1446 hadi alipofariki 1472, alipamba kanisa kuu la Norwich kwa picha za paa dume aliyelala majini, kwa kuwa jina lake lilisikika kama "paa alalaye". Hakuna aliyewahi kusema askofu Lyhart alitajirishwa na paa. Alikuwa askofu, fedha zake zinaeleweka zilikotoka. Chapman alifanya mchezo uleule na jina lake, akalipa gharama ya miaka mia tano ya kuitwa mchuuzi.

Na kuna hoja nyingine ambayo huwa siisikii ikitajwa vya kutosha. Kwa sheria ya Uingereza, dhahabu na fedha iliyofichwa ardhini na mwenyewe asijulikane ilikuwa ni mali ya mfalme, na kuificha ilikuwa kosa. Mtu aliyefukua chungu cha dhahabu nyuma ya nyumba akanyamaza ana sababu zote za kuendelea kunyamaza. Hawezi kwenda kanisani, mahali ambapo paroko ni msomi mwenye marafiki wakubwa, akajichonga na mzigo wake ili kila Jumapili watu waulize kapata wapi. Michongo ile ni ya mtu asiye na la kuficha.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: picha ilitangulia, hadithi ikafuata ili kuieleza picha. Wapo waliolisema hili kabla yangu na sioni njia ya kulikwepa. Kusema hivyo, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Picha ya mchuuzi kwa nini ihitaji kuelezwa? Watu wa 1470 hawakuhitaji maelezo. Walimjua Chapman, walijua duka lake, walijua ametoa.

Hapa ndipo kisa kinaponoga, na ndipo naona wasimuliaji wengi wanapopita mbio. Mambo mawili yalitokea kati ya 1462 na barua ile ya karne ya 17.

Moja ni Matengenezo ya dini, yaani Uingereza kuachana na Kanisa Katoliki na kufuata Uprotestanti. Mtu wa karne ya 15 hakujenga ubavu wa kanisa kwa ukarimu mtupu. Alinunua maombi. Orodha za wafadhili zilisomwa mbele ya waumini ili roho zao ziombewe zipite upesi toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kufa, na sura zao kwenye vioo na viti zilikuwa za kuwakumbusha walio hai kazi hiyo. Ilikuwa biashara ya haki kabisa kwa macho ya pande zote: mimi natoa paa na kuta, nyinyi mtaniombea. Kisha mwaka 1547 serikali ya Edward VI ikafuta taasisi zilizokuwa zikiwaombea wafu, na toharani yenyewe ikatangazwa kuwa uzushi. Kuanzia hapo sura ya Chapman ilibaki ukutani haina kazi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1560 aliona mtu mwenye mzigo kanisani, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia yule yuko pale ili umwombee. Jibu la zamani lilikuwa limepigwa marufuku. Pakawa na swali bila jibu, na swali la namna hiyo halikai muda mrefu mtupu.

La pili ni kushuka kwa wachuuzi. Wakati wa Chapman jina lake lingeweza kumfaa mfanyabiashara yeyote, hata tajiri mwenye ghala. Miaka mia moja baadaye lilikwisha kuanguka hadi kwa mtu anayezunguka vijijini na sindano, nyuzi na vitambaa. Sheria ya mwaka 1572 iliwaweka wachuuzi wadogo katika kundi moja na wazururaji, wapiga viini macho na mafundi wa kuziba masufuria, isipokuwa wawe na kibali. Mwaka 1697, miaka miwili tu kabla de la Pryme hajaandika, Bunge liliwalazimisha wachuuzi kukata leseni. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa mgambo na mchuuzi ni watu wa namna gani wanapokutana.

Basi mtazame mwananchi wa Swaffham wa mwaka 1650 akiwa kanisani. Anaambiwa, na ni kweli, kwamba mtu huyu wa mzigo alijenga ukuta ule. Machoni pake mtu wa mzigo ni maskini anayefukuzwa na askari. Fedha za kujenga kanisa alizitoa wapi? Hakuna biashara ya sindano inayojenga kanisa. Jibu linalobaki ni lile ambalo watu huwapa wote wanaotajirika bila kueleweka: aliokota.

Na hadithi ya kuokota ilikuwa tayari, inazunguka. Hii ndiyo sehemu ambayo msomaji wa Kiswahili anaweza kuitambua kabla ya Mwingereza. Katika Alfu Lela Ulela yuko mtu wa Baghdad aliyefilisika, akaota anaambiwa riziki yako iko Misri. Akaenda Kairo, akalala msikitini. Usiku huo wezi wakapitia msikitini kuingia nyumba ya jirani, askari wakaja, wakamkuta yeye, wakamchapa fimbo hadi kukaribia kufa. Mkuu wa askari alipomuuliza kilichomleta, akamweleza ndoto. Mkuu akacheka hadi magego yakaonekana, akasema: mimi nimeota mara tatu nyumba iko Baghdad, mtaa fulani, ua wake hivi, na chini pana mali, wala sikwenda. Akampa dirhamu za nauli. Nyumba aliyoieleza ni ya yule maskini.

Hiyo ndiyo Swaffham yote, imeondolewa tu msikiti na fimbo. Nayo ni ya kale zaidi ya Alfu Lela tuliyoizoea: al-Tanukhi, kadhi na mwandishi wa Iraki aliyefariki mwishoni mwa karne ya 10, aliiweka katika mkusanyo wake wa visa vya faraja baada ya dhiki. Rumi, mshairi wa Kiajemi, aliitia katika utenzi wake wa Masnavi karne ya 13, akaitumia kufundisha mambo ya roho. Karne ya 14 imekwisha kufika kwa Wajerumani, katika utenzi uitwao Karlmeinet, na humo Kairo imekuwa Paris na anayeota anatumwa darajani. Angalia hilo daraja. Limeingia Ulaya mapema, na likishaingia hadithi hailiachi. London ilikuwa na daraja maarufu kuliko yote ya kisiwa kile, kwa hiyo ngano ilipovuka bahari ilijua pa kushukia. Uskoti inasimuliwa kuhusu kasri la Dundonald, Yorkshire kuhusu kasri la Upsall, na kote huko mtu hutumwa Daraja la London.

Kwa nini basi Swaffham ndiyo iliyobeba jina? Kwa sababu Dundonald na Upsall zina hadithi bila sura. Swaffham ilikuwa na sura inayotafuta hadithi. Ukitaka kuona sura ya aina hiyo ikipata hadithi nyingine kabisa, nenda Lambeth, London. Kanisa la Mtakatifu Maria la hapo lilikuwa na kioo chenye picha ya mchuuzi na mbwa wake, na watu wakasimulia kwamba mchuuzi huyo aliiachia parokia kipande cha ardhi kando ya Thames kwa sharti mbwa wake azikwe makaburini. Ardhi hiyo ilikuwepo kweli, ikiitwa Ekari ya Mchuuzi, na jengo la County Hall lilikuja kujengwa juu yake karne ya 20. Picha ileile, mbwa yuleyule, ufadhili wa kweli. Hadithi mbali mbali. Lambeth ilipata ya mbwa, Swaffham ikapata ya dhahabu.

Hukumu yangu haiwapendelei sana wasimuliaji. Ngano imemhifadhi Chapman, hilo nakubali: wafadhili wenzake waliobaki katika Kitabu Cheusi hakuna anayewachonga kwenye vibao. Lakini imemnyang'anya kitu alichojivunia kuliko vyote, yaani kazi. Yeye aliagiza achongwe na mzigo mgongoni. Alikuwa na uwezo wa kuagiza malaika, na kanisa hilo lina malaika wengi wa mbao darini, mabawa wazi. Akachagua mzigo. Eneo lile lilikuwa na ardhi ya kichanga isiyofaa kwa mengi ila kondoo, sufu ilikuwa fedha, kitambaa cha sufu kiitwacho worsted kilichukua jina lake kutoka kijiji cha Norfolk hiyohiyo, na bandari ya Lynn iko kiasi cha kilomita 25 tu kutoka hapo, ikifanya biashara na wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, kutoka ng'ambo ya bahari. Mtu mwenye akili ya kununua na kuuza angeweza kutajirika hapo akiwa macho, bila kulala usingizi wa ndoto yoyote.

Na ushahidi wa mwisho umekaa palepale kwenye mbao, lakini huuoni katika kibao cha uwanjani. Pamoja na mtu wa mzigo na mbwa, kuna mchongo wa mwanamke anayechungulia juu ya mlango wa duka. Kwa kawaida husemwa ni mke wa Chapman, na sioni sababu ya kubisha. De la Pryme hakumtaja mwanamke hata mara moja. Mchuuzi wake anaota peke yake, anasafiri peke yake, anachimba peke yake. Hadithi ya Baghdad haikuwa na nafasi ya mke wa kukaa dukani mume akiwa njiani na mzigo, kwa sababu haikuwa na duka. Nyumba ya Chapman ilikuwa nalo, na walimchonga mtu wa kuliuzia.